Ushirika wa ndege ukivunjika, pointi zaenda wapi?

Dada wa Lamu, umeuliza kama pointi zako, zile unazochuma ukisafiri kwa ndege, zitapotea kwa kuwa shirika lenye kadi yako linaachana na mshirika wake. Hazipotei. Pointi ni za programu uliyojiandikisha. Kinachokatika ni kuzichuma na kuzitumia kwa yule mwenzake.

Tazama tarehe. Kwa kawaida pointi huhesabiwa kwa siku ya kuruka, si siku uliyolipa. Kama safari ni baada ya ushirika kwisha, weka nambari ya programu nyingine inayokubaliwa na shirika utakaloruka nalo kwenye bukingi kabla ya kuchekini, la sivyo utaruka bila kuchuma pointi.

Tiketi ya pointi iliyokwisha kutolewa mara nyingi huheshimiwa, ila usiiguse! Hapa ndipo wengi huumia: ukibadilisha hata tarehe tu, mfumo hutafuta nafasi upya kwa mshirika ambaye hayupo tena. Utarudishiwa pointi, kiti huna. Na hakikisha barua pepe ina nambari ya tiketi ya tarakimu 13; zile herufi sita za bukingi peke yake si tiketi.

Jengine, ndege ya kutoka Manda, uwanja wa ndege wa Lamu, kwenda Nairobi uliyoikata kando haimo kwenye tiketi hiyo ya pointi. Ikichelewa ukakosa safari ya mbele, shirika la hiyo safari halina deni nawe. Lala Nairobi usiku mmoja kabla ya safari hiyo, nafuu hiyo kuliko tiketi mpya.

Pasi ya kupandia ndege nayo usiiache kwenye boti ukivuka. Pointi zisipoingia utadai kwa hiyo, na muda wa kudai huwa ni miezi michache tu.