Zizi Lijengwe kwa Kipimo cha Mwili Wako: Kwa Anayeanza Kuokoa Punda Akiwa na Ulemavu

Nawaandikia wale ambao maisha yamewageukia ghafla, wakapoteza miguu au nguvu za miguu, na sasa wanafikiria kufungua makao ya punda au farasi waliotelekezwa. Mimi nilikuwa dereva wa lori la mkonge. Baada ya ajali iliyoniumiza uti wa mgongo nilirudi nyumbani Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, nikiwa juu ya kitimwendo, na mwaka wa tatu baada ya hapo nikampokea punda wangu wa kwanza. Leo ninao tisa. Farasi huku kwetu ni wachache mno, lakini karibu yote nitakayoyaeleza kuhusu kwato, tumbo na pepopunda yanawahusu wao pia.

Jambo ninaloomba ulishike kuliko mengine yote ni kwamba zizi hujengwa kwa kipimo cha mwili wako, na hujengwa kabla mnyama hajaingia. Mimi nilifanya kinyume chake. Nililetewa punda jike aliyekuwa na kidonda mgongoni, huruma ikanishika, nikampokea hali ya kuwa sina zaidi ya uwa wa miti na ardhi ya kichanga. Masika ilipoanza, magurudumu yalizama hadi kwenye ekseli, nikawa nakaa barazani nikitazama watu wengine wakimhudumia mnyama niliyeahidi kumtunza kwa mikono yangu. Sijasahau uchungu wa siku zile. Ilinibidi niuze televisheni na kitanda cha ziada ili nipate tripu nne za kifusi cha mawe ya chokaa, ambacho hapa kwetu hakikosekani, tukakishindilia kuwa njia yenye upana wa mita moja na nusu kutoka barazani hadi horini. Njia hiyo ndiyo iliyonifanya niwe mfugaji.

Malango yote yafunguke kwa mkono mmoja, na makomeo yawe usawa wa kiwiko chako ukiwa umekaa. Maji yafike kwa mpira kutoka kwenye tangi, kwa sababu ndoo iliyojaa ukiipakata itakumwagikia, na mtu aliyelowa nguo bila kuhisi hukaa na unyevu huo hadi ngozi iharibike. Jenga pia kibanio, yaani kijia chembamba cha nguzo imara ambamo punda husimama bila kuweza kugeuka, nawe ukae upande wa pili wa nguzo ukimsafisha kidonda au kumpima joto, ambalo kwa punda mzima aliyetulia huwa karibu na nyuzi 37. Kwato sizikati mimi. Kijana aliyefundishwa na afisa mifugo huzikata kila baada ya wiki sita hadi kumi, nami husimamia. Mwanzoni niliona aibu kukubali hilo, nikapoteza muda mwingi kujaribu kazi ambayo mwili wangu hauiwezi, wakati kazi ninayoiweza vizuri, ya kutazama na kuandika daftari la kila mnyama, ilikuwa haifanyiki.

Watu watakuambia kuwa asante ya punda ni mateke. Punda hupiga teke akishtuliwa kutoka nyuma, akiguswa penye maumivu, au akisongwa kwenye chakula, na mtu aliyekaa hana hatua ya kurudi nyuma. Kwa hiyo usiingie zizini wakati wa kulisha, kiti chako kielekee langoni kila mara, na kamba ya punda usiifunge kitini wala usiizungushe mkononi, hata kama mnyama ni mpole kiasi gani. Kwa upande mwingine, kukaa kwetu kuna faida ambayo wenye kusimama hawana. Punda wa kwetu ana kimo cha mita moja na kidogo mabegani, kwa hiyo ukiwa kitini uso wako uko karibu sawa na wake, nawe unaliona jicho na pua yake bila kumtisha kwa kumwinamia. Punda mgeni humwachia kiti kitupu zizini kwa siku mbili, akakinusa, akakizunguka, akakizoea mlio wa magurudumu. Siku ya tatu ninapokuwa juu yake, huwa hakishangai tena.

Sasa niseme juu ya vidonda, kwa sababu hapa ndipo ulemavu wangu ulipogeuka kuwa elimu. Kidonda cha shogi, yaani mfuko wa mizigo anaofungwa punda, mgongoni mwake na kidonda cha kukaa kwenye makalio ya mtu aliyepooza vina chanzo kimoja: uzito unaokandamiza nyama juu ya mfupa hadi damu isipite. Punda yule wa kwanza, niliyempa jina la Chausiku, alikuwa akibeba madumu manne ya lita ishirini kila safari, yaani kilo 80, na yeye mwenyewe hakufika kilo 130. Waliomtumia walimpaka mafuta machafu ya gari, wakampaka majivu, na bado wakamfunga shogi kila asubuhi. Mimi nilijua, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umenifundisha, kwamba hakuna dawa itakayofaa kabla mzigo haujaondoka. Tuliosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, tukakifunika dhidi ya nzi, na mgongo haukubeba kitu kwa miezi minne. Nawe fanya vivyo hivyo kwa mwili wako: jiinue kitini kila baada ya dakika chache, na kila jioni jikague kwa kioo. Niliwahi kukesha na punda mwenye msokoto wa tumbo nikasahau kujiinua, na kidonda nilichokipata kikanilaza kifudifudi wiki tano. Ndiyo maana nasema kwamba mtu wa pili, anayeijua kazi yote, apatikane kabla ya mnyama wa kwanza.

Pepopunda inabeba jina la punda, na kweli punda na farasi huathirika nayo upesi kuliko mifugo mingi, na viini vyake hukaa ardhini na kwenye samadi, vikingoja tundu la msumari au mwiba. Mguu wangu hauhisi msumari. Hivyo wanyama huchanjwa, nami nimechanjwa, na viatu vyangu vigumu sivui nikiwa zizini.

Usitenganishe punda wawili walioshikamana. Nilikuwa na majike wawili waliokuja pamoja kutoka Handeni, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu nikampa jirani mmojawapo, mtu mwema kabisa, mwenye majani mengi. Aliyebaki alisimama penye uwa akiuelekea upande alikopelekwa mwenzake. Siku ya kwanza nilidhani ni huzuni ya kupita. Siku ya pili hori lilikuwa limejaa kama nilivyoliacha, na mate mazito yalikuwa yakimning'inia mdomoni. Punda mnene anapoacha kula, mafuta ya mwilini huingia kwenye damu kwa wingi hadi ini linashindwa, na hali hiyo huua ndani ya siku chache. Tulimrudisha mwenzake usiku huohuo kwa pikipiki ya magurudumu matatu, daktari wa mifugo akaja na dripu, lakini alfajiri ya siku ya nne alianguka asiinuke tena. Mwenzake tulimwacha karibu na maiti hadi alipoondoka mwenyewe, kisha tukazika. Kosa lilikuwa langu, na nimelieleza ili lisiwe lako.

Kuhusu chakula, punda ni mnyama wa majani makavu yasiyo na utajiri, mchana kutwa, kidogo kidogo. Pumba nyingi humletea maradhi ya kwato, na mahindi yenye ukungu, ambayo kwa unyevu wa pwani yetu hupatikana kila ghala, huharibu ubongo wake. Ng'ombe huyastahimili, punda hayastahimili. Dawa nazo zina mtego huohuo. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo wafugaji huogeshea ng'ombe, inaweza kusimamisha utumbo wa punda, na sindano ya ugonjwa wa ndorobo ina nafasi nyembamba mno kwake kati ya dozi inayotibu na inayodhuru, kwa hiyo usikubali mtu akukadirie kwa macho. Manyoya yake hayazuii mvua kama ya farasi; paa la makuti na sakafu kavu ni sehemu ya matibabu.

Utaletewa wanyama wengi kuliko uwezo wako. Jifunze kukataa. Vilevile usimnunue punda kwa aliyemtesa, kwa maana fedha hizo zitamnunulia mwingine wa kuchukua nafasi yake. Mimi humkubali mnyama anayekabidhiwa kwa maandishi mbele ya mtendaji wa kijiji na afisa mifugo, na kabla ya hapo hujaribu kumsaidia mwenye punda abaki naye: nimtengenezee tandiko lenye magunia laini badala ya kamba ya mkonge, nimwonyeshe uzito unaofaa. Mara nyingi mtu huyo ni maskini anayeamini kweli kuwa punda afe mzigo ufike, na akiona kuwa punda mzima hufikisha mizigo mingi zaidi, hubadilika. Pale penye ukatili wa makusudi, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakupa pa kusimamia, lakini mwite ofisa, usiende peke yako. Hifadhi hati zote, kwa kuwa hata baada ya viongozi wa Umoja wa Afrika kukubaliana mwezi Februari 2024 kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, wezi bado wapo.

Fedha ni ngumu. Halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kuwa mikopo ya watu wenye ulemavu, nami naishukuru, ila nakusihi usikope kwa ajili ya kulisha wanyama wasiozalisha. Kopa kwa kitu kinachorudisha. Mimi nilikopa kwa ajili ya mboji, na wakulima wa mchicha wanaoinunua ndio wanaonilipia mabua ya kuwalisha punda.

Punda anayetunzwa huweza kuishi miaka 30 na zaidi, na miili kama yetu hulazwa hospitali bila taarifa. Kwa hiyo nimeandika daftari moja linalokaa kwenye mfuko wa plastiki juu ya mlango wa ghala: kila mnyama, umri wake kwa meno, mwenzake, dawa zake, na jina la atakayemchukua pamoja na mwenzake nisipokuwepo. Mpwa wangu hulisoma nami kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na tunapofika kwa Chausiku yeye ndiye husoma kwa sauti, kwa sababu ndiye atakayebaki naye.