Uthubutu Niliouazima kwa Washairi wa Mombasa

Bibi yangu aliuza mahamri na mbaazi Majengo, na sauti yake ndiyo iliyotuamsha kila alfajiri: "Ndooni mule!" Nilipomtia kwenye hadithi yangu ya kwanza, nikamfanya aseme, "Njooni mpate kiamshakinywa." Bibi hakulitamka neno hilo maisha yake yote.

Nilimwandika hivyo kwa woga. Mhariri mmoja alikuwa amenirudishia shairi langu, neno "mato" limepigwa mstari na pembeni pameandikwa "macho". Sikumuuliza kitu. Tangu siku hiyo nikawa najikata mwenyewe kabla sijakatwa na mtu. Kwa miaka mingi, hadithi zangu hazikuwa na hata mtu mmoja aliyezungumza kama watu wa kwetu.

Kilichonitoa hapo ni swali nililoanza kuwauliza watunzi ninaowapenda, mmoja mmoja: siku ile mambo yalipomzidi, mkononi alikuwa na nini, na alikifanyia nini?

Nilianza na Abdilatif Abdalla, kwa kuwa ni mtoto wa hapa hapa Mombasa. Desemba 1968, akiwa na miaka 22, alikamatwa kwa sababu ya waraka alioupa jina "Kenya: Twendapi?", ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Akahukumiwa miaka 3, akatengwa peke yake gerezani Kamiti. Karatasi ya kuandikia hakuwa nayo, akayaandika mashairi yake kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa 1973 kwa jina Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakashinda tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Wengi wakikisimulia kisa hiki huishia kwenye ile karatasi. Mimi nilipokaa na diwani yenyewe nilishikwa na jambo jingine: hakupunguza chochote. Mtu yuko peke yake, hajui kama kuna atakayesoma, lakini vina vimetulia, mizani imetimia, na lugha ni Kimvita chetu, lahaja ya Mombasa, cha mato na ndia (njia) na kuteka (kucheka). Nani angemlaumu kama angeandika vyovyote vile? Nimelifikiria sana hili, na naamini arudhi yenyewe, yaani kanuni za vina na mizani, ilimshika mkono. Shairi lenye vina na mizani hukaa kichwani hata karatasi ikichukuliwa. Tazama Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840: beti zake ziliishi vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa kabla ya Mwalimu Sikujua, mwanazuoni wa hapa, na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor kuzikusanya kwa maandishi.

Kwa hivyo, wewe unayeogopa, fanya hivi kabla ya jambo lingine lolote. Chukua shairi moja la mtu unayemheshimu, ulinakili kwa mkono, ubeti mmoja kwa siku. Kwa kalamu, simu iweke kando. Hesabu mizani kwa vidole, nane na nane. Mimi nilinakili "N'shishiyelo ni Lilo" la Abdilatif, na jina peke yake lilinifundisha: n'-shi-shi-ye-lo-ni-li-lo, mizani nane kamili. Jaribu kulisema kwa lugha ya darasani, "Nililolishikilia ni lile lile", uone linavyofurika. Lahaja niliyokuwa nikiifuta kwa aibu ndiyo iliyokuwa ikilibeba shairi. Sikuambiwa hilo na mwalimu. Vidole vyangu viliniambia.

Simwambii kila mtu aandike kwa lahaja. Makala haya yenyewe nimeyaandika kwa sanifu, na msimulizi wa hadithi zangu bado huzungumza sanifu. Ninachosema ni kwamba ukitafuta vizuri utakuta kitu unachokificha kwa sababu kuna mtu mmoja, siku moja, alikipiga mstari. Kakitazame tena.

Woga wa kuchekwa ni mwingine, na dawa yake niliipata kwa Sheikh Ahmed Nabhany, mzaliwa wa Lamu aliyefanya maskani hapa Mombasa. Alibuni maneno ya Kiswahili kwa vitu vipya. Neno lake "runinga" leo liko magazetini na midomoni mwa watangazaji. "Ngamizi", alilolipendekeza kwa kompyuta, halikuenea hivyo. Watu wengi wamebaki na kompyuta au tarakilishi. Hilo halikumfunga mdomo. Aliendelea kuchimba msamiati, na alipofariki 2017 alikuwa ameacha hazina kubwa. Nikajifunza kutoa kumi nikijua huenda likashika moja.

Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja? Walimtungia wimbo wa kumsimanga kwa asili yake na sura yake. Akajibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili.

Jambo la mwisho ni gumu zaidi kwangu: msomee mtu kwa sauti, na awe mtu anayeyajua maisha uliyoyaandika. Rafiki wa kukusifu hatakufaa. Nilimchagua shangazi, binti wa bibi yule. Nilikwenda kwake Kibokoni baada ya alasiri, nikakaa mkekani, karatasi zikinitetemeka. Nilipofika pale bibi anapoita "Ndooni mule", shangazi akaacha kuchambua mchele. Alinyamaza mpaka nikamaliza.

"Mbona hukutia tui?" akaniuliza.

"Tui gani, shangazi?"

"Mamangu alikuwa akilitia tui zito mwisho kabisa, ashaepua. Wewe umeandika mbaazi tu, mbaazi. Mbaazi za nani hizo?"

Nikaomba kalamu. Akaniambia nazi ngapi, na sufuria lilikuwa kubwa kiasi gani, na nani alikuwa akitumwa kukuna, nami nikaandika yote pembeni mwa ukurasa, mpaka adhana ya magharibi ilipotukuta.