Kodi ya Chumba Ipime kwa Mwezi Wako wa Machi

Wiki iliyopita binti wa kaka yangu alinipigia simu kutoka Lindi. Amepata ajira ya ualimu wa sekondari, ameripoti kazini, sasa anahangaika na pa kulala.

"Shangazi, shikamoo. Nimepata chumba masta huku Mtanda, elfu themanini kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka ya miezi sita. Dalali anasema kuna watu wengine wawili wanakitaka leo hii. Nilipie?"

Nikamwuliza: katika mwaka mzima, mwezi wako mbaya kuliko yote unabaki na shilingi ngapi mkononi? Akanyamaza. Nikamwambia asitoe hata mia mpaka tuongee kwa kituo. Tuliongea jioni ile saa nzima, na nilipokata simu nikaona niyaandike, maana huku kwetu kusini wapo wengi wanaoulizwa kodi ya miezi sita na hawana mtu wa kumpigia.

Mimi somo hili nililipata Mtwara mjini, Januari 2013. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Magomeni, kila kimoja 25,000. Mimi ni fundi cherehani, mume wangu alikuwa dereva wa lori la mtu mwingine. Januari kwa fundi ni mwezi wa sare za shule. Siku hiyo nilikuwa nimeinama nakata sketi za bluu, chaki mkononi, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, mama mwenye nyumba akaingia. Alizoea kukaa na kupiga soga, siku hiyo akabaki amesimama mlangoni.

"Fundi, usinione mbaya. Kuanzia mwezi ujao kila chumba 60,000. Na nitapokea ya miezi sita."

720,000. Mimi na mume wangu tulikuwa hatujawahi kushika hela ya namna hiyo kwa mkupuo kwa ajili ya kitu kisicholika wala kuvalika.

Sababu tulikuwa tunaijua wote. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu 1982, lakini ni pale meli za utafiti zilipoanza kuchimba kina kirefu baharini, kuanzia 2010, ndipo mji ulipobadilika. Bandari ya Mtwara ikawa kituo cha kuhudumia meli hizo. Wageni wakapanga nyumba za Shangani kwa dola. Mtumishi aliyekuwa Shangani akahamia Ligula. Aliyekuwa Ligula akashuka Chikongola na Magomeni, akiwa tayari kulipa mara mbili ya sisi, na bado kwake ikawa nafuu. Mpangaji wa dola alimsukuma mwenye mshahara, mwenye mshahara akamsukuma fundi cherehani. Mama mwenye nyumba hakuwa na roho mbaya. Alifikiwa na mtu mwenye hela kuliko mimi, basi.

Kosa letu sisi lilikuwa hesabu. Tulikaa usiku ule, tukaangalia hela iliyoingia Desemba na Januari, tukasema "tunaiweza." Kweli ilikuwa imeingia nyingi. Mume wangu alikuwa amebeba korosho tangu Oktoba, kutoka Tandahimba na Newala kuja maghalani Mtwara, na mimi nilikuwa na sare za shule pamoja na oda za vitenge vya unyago, vya kuwachezea wali. Tulichokuwa nacho kilikuwa 320,000. 400,000 tukakopa mtaani, ule mkopo ambao siku hizi mnauita kausha damu, turudishe 520,000 ndani ya miezi minne.

Miezi minne hiyo ndiyo Februari, Machi, Aprili na Mei. Mtu wa Mtwara anajua ninachosema. Korosho zimekwisha, mvua inanyesha, watu wako mashambani na mihogo yao, lori limepaki, hakuna anayeshona nguo mpya. Mei 22 mwaka ule, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilipokuwa inasomwa, mji ukaingia kwenye vurugu za kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, tukafungiana ndani siku kadhaa. Juni nikauza ovaloki yangu, ile mashine ya kufunga kingo za nguo zisifumuke, kumaliza deni. Mashine niliyoinunua kwa kudunduliza miaka mitatu iliondoka kwenye toroli ya mtu wa Chuno, na sikupata nyingine mpaka 2017. Kwa miaka yote hiyo kila nguo niliyoshona nilikwenda kulipia kupiga ovaloki kwa fundi mwenzangu. Kodi ile tuliyojiona tunaiweza nilikuwa bado nailipa muda mrefu baada ya kuhama.

Tulipohama nikanunua kaunta buku na kuanza kuandika kila kinachoingia. Sikuandika matumizi. Matumizi kila mtu anayakumbuka kwa sababu yanauma. Tunachojidanganyia sana ni mapato. Mwaka mzima wa 2014 niliandika. Ukigawa kwa miezi kumi na miwili, nyumba yetu ilikuwa inapata 330,000 kwa mwezi. Watu wengi wanasema kodi isizidi theluthi ya kipato, kwa hiyo 110,000 tungeiweza. Lakini fungua ukurasa wa Machi: 140,000. Toa 110,000, inabaki 30,000 ya unga, mafuta, sabuni na mtoto akiugua. Februari ilikuwa 180,000, Aprili 150,000, Mei 170,000. Ile theluthi imetungwa kwa ajili ya mtu ambaye Machi yake inafanana na Novemba yake. Sisi wa korosho, wa samaki, wa ufundi, wa bodaboda, hatuna miezi inayofanana.

Nikachukua ile miezi minne mibaya peke yake. Wastani wake 160,000, theluthi yake kama 53,000. Hiyo ndiyo kodi yetu, nikaiandika kwenye jalada kwa kalamu nyekundu. Mume wangu alibisha sana. Alisema tunajidhulumu, Novemba tunapata mara tatu ya hiyo. Nikamwambia Novemba ina kazi zake nyingine.

Kazi mojawapo ni kulipa hiyo kodi yenyewe. Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri. Huku kwetu kodi inaleta shida mbili, na watu huongelea moja tu. Kiasi kila mtu anakilalamikia. Tarehe hakuna anayeigusa. Ukiingia kwenye chumba Agosti kwa kodi ya miezi sita, itakwisha Februari, na utadaiwa nyingine siku ambayo mfuko umekauka. Sisi tulipohamia Mangamba Agosti 2013 tulimwomba mwenye nyumba atupokelee miezi mitatu tu, Agosti mpaka Oktoba, halafu Novemba tumlipe mwaka mzima, atupunguzie kidogo. Alifikiri siku mbili, akakubali, chumba cha 40,000 kikashuka 35,000. Na yeye alikuwa na shida yake: alitaka kununua bati za nyumba ya pili, na fundi wa kupaua alimtaka fedha kwa mkupuo. Wenye nyumba wengi wako hivyo. Wanajenga, wanasomesha, wanaozesha watoto. Mwulize hela anaihitaji lini, utashangaa mara ngapi tarehe zenu zinakutana.

Utaniuliza, kama Novemba naweza kulipa mwaka mzima, kwa nini nijibane kwa kipimo cha Machi? Kwa sababu Novemba nayo huwa inakosa kuja. Msimu wa 2018 bei ya korosho ilitangazwa 3,300 kwa kilo na kila mtu akafurahi, lakini wakulima wengi walisubiri malipo miezi na miezi. Mkulima asipolipwa, lori halilipwi, na nguo hazishonwi. Wenye nyumba wengi waligombana na wapangaji mwaka ule. Sisi tulikuwa na kodi ambayo tuliweza kuilipa hata kwa kidogo kidogo, tukamweleza mwenye nyumba wetu, akatuvumilia mpaka Aprili. Ingekuwa 110,000 asingeweza kutuvumilia hata angetaka.

Kuhusu kwenda mbali ili upate chumba cha bei nafuu, hesabu nauli kabla hujashangilia. Kutoka Mangamba kwenda mjini na kurudi, watu wawili, kwa nauli ya 400 ya wakati ule, siku 26 za kazi, ilikuwa 41,600 kwa mwezi. Ile nafuu niliyokuwa naiona iliishia kwa konda. Ilikuja kuwa nafuu ya kweli nilipohamishia cherehani nyumbani, tukabaki na nauli ya mtu mmoja. Niliwapoteza wateja wa Magomeni, nikapata wa Mangamba baada ya kama miezi mitano, na hiyo miezi mitano ilikuwa migumu, sikufichi.

Ukienda kuangalia chumba, uliza LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Mita moja, vyumba vitano, wewe una taa mbili na redio, jirani ana friji na pasi, halafu mnagawana sawa. Nimeishi hivyo, na ugomvi wake ni mbaya kuliko wa kodi. Chumba cha 40,000 chenye mita yake kinaweza kuwa na nafuu kuliko cha 30,000. Uliza maji yanatoka siku zipi, na yasipotoka ndoo ni shilingi ngapi. Dalali atataka kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kukuonyesha mlango, kwa hiyo hama-hama ni gharama nayo.

Mwaka 2016 simu iliita, mama mwenye nyumba wa Magomeni.

"Fundi, hujambo mwanangu? Chumba chako kipo. Vyote viwili vipo."

Nilikwenda kumsalimia siku ya Ijumaa. Bomba lilikuwa limekwisha tangu 2015, gesi inakwenda Dar es Salaam. Bei ya mafuta duniani ilishuka 2014, na meli za utafiti zikaondoka. Shangani kulikuwa na nyumba zenye vibao vya kupangisha mpaka vimepauka kwa jua. Yeye mama alikuwa amekopa benki kwa dhamana ya nyumba ile ile, akajenga vyumba vinne vya masta uani, vigae mpaka chooni. Alikuwa akiwategemea wapangaji wa 60,000 na wa 100,000. Vyumba vilivyokuwa na watu siku hiyo ni kimoja. Alinionyesha kimoja kimoja, anafungua na kufunga, funguo zimefungwa kwa kamba ya khanga kiunoni. Chumba cha mwisho kilikuwa kimejaa magunia ya mihogo mikavu. Akasema, "Nilidhani watakaa." Sikuwa na kinyongo naye tena. Alipima kodi yake kwa mwezi mzuri kama nilivyopima mimi, tofauti ni kwamba yeye alikuwa upande wa kupokea. Hatukurudi, lakini nilimtafutia wapangaji wawili, wauguzi, kwa 35,000.

Ndiyo maana simu ya kutoka Lindi imenigusa. Mradi wa kusindika gesi kimiminika umepangiwa Likong'o, pale pale Lindi. Juni 2022 serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za Equinor na Shell, na tangu hapo kila mwaka kuna maneno kwamba sasa unaanza. Kodi haisubiri mradi uanze, inapanda kwa maneno. Kama wewe ni mpangaji Lindi leo, omba mkataba wa maandishi wa miaka miwili wenye bei ile ile, ugongwe muhuri ofisi ya serikali ya mtaa, sasa hivi kabla trekta halijaonekana. Kama wewe ni mwenye nyumba, jenga kwa hela ya korosho zako, chumba kimoja kimoja. Usiweke nyumba ya watoto benki kwa ajili ya mgeni ambaye hajafika.

Sasa binti yetu. Yeye ana mshahara, akaniambia, "Shangazi, mimi sina Machi." Anayo. Tulikaa na hesabu, tukachukua mfano wa 800,000 ili iwe rahisi. Bodi ya mikopo inakata asilimia 15, hiyo ni 120,000. Mfuko wa pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2. Jumla 200,000, robo ya mshahara imeondoka kabla kodi ya mapato haijaguswa. Ukitoa na hiyo, mkononi ni kama 530,000. Kisha kuna mdogo wake anayemsomesha, na Januari ndiyo mwezi wa kununua sare na madaftari, wakati mshahara wa Desemba huingia mapema kwa ajili ya sikukuu na huliwa mapema. Machi yake inaitwa Januari. Mwezi huo, akishamaliza ya mdogo wake, atabaki na kama 280,000. Theluthi yake ni kama 93,000. Kwa hiyo 80,000 anaiweza, nami nilimwambia hivyo. Asichokiweza ni 480,000 kwa mkupuo, mshahara wa kwanza wenyewe bado haujasoma.

Nikamwambia arudi kwa mwenye nyumba mwenyewe, bila dalali, amsalimie, amweleze kwamba ni mwalimu mgeni, aombe miezi mitatu na mkataba wa miaka miwili. Jana ameniandikia. Mzee amekataa mitatu, amekubali minne, na bei haitapanda mpaka miaka miwili iishe. Mimi nimemtumia 120,000, baba yake atamalizia iliyobaki, na Ijumaa wanakwenda ofisi ya mtaa na karatasi. Ya LUKU alisahau kuuliza. Nimemwambia asisaini mpaka aione mita kwa macho yake, na kaunta buku nimeshamnunulia, kwaya mbili, nitaituma na basi la kesho asubuhi.