Jibu: Mafua na kifo cha ghafla cha mtoto mchanga

Pole sana ndugu yangu. Umeuliza kama mafua madogo ndiyo yaliyomuua mtoto wa dada yako usingizini. Watoto wengi mno huugua mafua na kupona, kwa hiyo mafua pekee hayatoshi kuwa jibu. Ila maambukizi yanashukiwa kuchangia: vifo hivi huwa vingi kati ya miezi 2 na 4, wakati kinga aliyopewa na mama inapungua na yake bado changa. Mwaka 2008 watafiti wa London waliripoti kwamba bakteria kama Staphylococcus aureus walipatikana zaidi kwa watoto ambao kifo chao hakikuelezeka. Kuwapata, hata hivyo, si kuthibitisha kwamba ndio walioua. Dada yako asijilaumu, tafadhali mwambie hivyo. Akijaliwa mwingine, amlaze chali, hata akiwa na mafua.