Kwa nini At Fillmore East ya Allman Brothers Band haichuji

Mkuu uliyeleta mada, umeuliza watu wanapata nini kwenye At Fillmore East, albamu ya rock ya Kusini mwa Marekani ya mwaka 1971 yenye nyimbo saba tu, na mmoja wao ni wa dakika 23. Mimi napiga gitaa la solo, na albamu hii ndiyo iliyonifundisha kunyamaza wakati mwenzangu anapiga. Nitakujibu kwa upande huo.

Sikiliza wanavyosikilizana. Walikuwa sita: Duane Allman na Dickey Betts kwenye magitaa, Gregg, mdogo wake Duane, akiimba na kupiga kinanda cha Hammond, Berry Oakley kwenye besi, halafu wapiga dramu wawili, Butch Trucks na Jaimoe. Dramu mbili zingeweza kabisa kuwa kelele. Hapa Trucks anasukuma gari mbele moja kwa moja, Jaimoe anacheza pembeni, anajaza mianya. Jaimoe alikuwa amepita kwa mwimbaji wa soul Otis Redding, na moyo wake ulikuwa kwenye jazz; ndiye aliyewafanya wenzake wawasikilize sana magwiji wa jazz Miles Davis na John Coltrane. Tena alikuwa Mweusi kwenye bendi ya vijana Weupe waliohamia Macon, Georgia, mwaka 1969, miaka michache tu baada ya sheria za ubaguzi kufutwa. Hilo halikuwa jambo dogo hata kidogo.

Kwenye wimbo wa In Memory of Elizabeth Reed utayasikia yote hayo. Hauna maneno hata moja. Betts aliutunga, jina akalitoa kwenye kaburi la Rose Hill, makaburi ya Macon ambako walipenda kwenda kukaa. Magitaa yanaanza taratibu, yanaungana kwenye melodi moja kwa sauti mbili, kisha kila mtu anapewa nafasi yake: Betts, Gregg, Duane. Sisi tuliolelewa na muziki wa dansi raha hii tunaijua, pale kuimba kunapokoma na magitaa yanachachamaa. Sikiliza solo ya Duane inavyopanda, inashuka mpaka unadhani amemaliza, kisha inapanda tena juu kuliko mwanzo. Hakuna anayemkimbiza. Oakley anamfuata hatua kwa hatua, na besi yake inaimba kama gitaa la tatu.

Statesboro Blues inayofungua albamu ni wimbo wa zamani wa mwanablues Blind Willie McTell. Duane anateleza juu ya nyuzi kwa kichupa cha dawa ya mafua, Coricidin, alichovaa kidoleni. Nimejaribu kuiga sauti ile kwa vifaa vya bei mbaya zaidi. Siri iko kwenye sikio, maana kichupa hakikuonyeshi noti ilipo.

Whipping Post, ule wa dakika 23, unaanza na besi peke yake, kwa mzunguko wa mapigo kumi na moja. Ukitaka kuyashika hesabu tatu, tatu, tatu, mbili. Ukishayazoea, mwili unahesabu wenyewe.

Sifa nyingine ni ya prodyuza Tom Dowd. Walirekodi tarehe 12 na 13 Machi 1971 katika ukumbi wa Fillmore East, New York. Usiku wa kwanza bendi ilipandisha jukwaani wapiga saksafoni. Dowd akasikia wanavuruga na akataka waondolewe. Baada ya maonyesho walikuwa wanakaa pamoja kusikiliza tepu na kuchagua cha kurudia kesho yake. Mimi naamini hapo ndipo albamu ilipookolewa. Mtu mwingine angezikatakata nyimbo zile ziwe za dakika nne nne ili redio izipige.

Wengine watakwambia inapendwa kwa sababu ya msiba. Kweli Duane alifariki kwa ajali ya pikipiki hapo Macon tarehe 29 Oktoba 1971, akiwa na miaka 24, na Oakley akamfuata Novemba 1972, naye kwa pikipiki, jirani na pale pale. Inauma sana. Lakini albamu ilikuwa imetoka tangu Julai, na watu walikuwa wameshaipenda wote wawili wakiwa hai.

Kwa hiyo mkuu, usianze na Whipping Post, utachoka. Anza na Statesboro Blues, ruka uende Elizabeth Reed, vaa hedifoni. Magitaa yamewekwa pande mbili tofauti. Mara ya kwanza mfuate Duane peke yake, mara ya pili Betts. Baada ya hapo rudia wimbo ule ule ukimsikiliza Jaimoe tu, halafu urudi hapa utuambie umesikia nini.