Anzeni na chai ya saa nne

Mwaka jana wauguzi walikuja ofisini kwetu Posta, Dar es Salaam, kutupima presha. Yangu ilisoma 152 kwa 96, yaani iko juu. Nina miaka 38, sivuti sigara. Daktari aliyenipima tena aliniuliza swali moja tu: kazini unakula nini?

Nikamhesabia. Saa nne chai ya maziwa iliyokwisha kolezwa sukari jikoni, sambusa mbili na andazi. Mchana chipsi mayai, chumvi juu, na soda. Halafu kiti mpaka saa kumi na moja. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na sukari ya kuongeza ikibaki kwenye gramu 25 ndiyo salama zaidi. Soda yangu peke yake ilivuka hapo.

Ofisi ilikuwa na bonanza kila mwaka. Ni zuri, tunavuta kamba na kufahamiana, ila siku moja haiwezi kufuta siku zote zilizobaki. Kilichotubadilisha ni kuzungumza na mama lishe wetu. Tulimwomba alete chai isiyotiwa sukari, kila mtu ajiwekee mwenyewe, na badala ya vya kukaanga atuchemshie mihogo, viazi vitamu na mayai. Alisita. "Wanangu, mkikataa sambusa zangu na mihogo isipotoka, hasara ya nani?" Alikuwa na haki kabisa. Basi tukajiandikisha watu kumi na wawili, tukamlipa kila Jumatatu pesa ya wiki nzima. Hapo ndipo wengi hukosea: wanataka chakula bora, lakini hatari ya biashara wanamwachia mpishi. Mchana naye sasa anajaza mchicha au matembele, wali unapungua.

Kutembea kulikuja baadaye. Watatu tunaotoka Kimara tunashuka mwendokasi kituo cha Fire badala ya Posta ya Zamani, tunamalizia kwa miguu, dakika ishirini na kitu. Siku tano zinatusogeza karibu na dakika 150 za wiki zinazoshauriwa. Kwa jua la Januari, wahini kabla ya saa mbili, mbebe shati la kubadilisha. Kina dada huacha viatu vya ofisini kwenye droo na kuja na raba.

Presha yangu mwezi uliopita ilikuwa 134 kwa 86. Bado napima kila mwezi. Na wenye dawa msiziache kwa sababu ya mihogo, mwulizeni daktari kwanza.