Homa imeshuka, sawa. Damu je, umeipima?

Usiruke hiyo tarehe ya kumrudisha hospitali kupimwa damu! Umeandika kwamba mwanao wa miaka 3 ameruhusiwa juzi baada ya malaria kali, aliongezewa damu, sasa anacheza, na unaona nauli ya kumrudisha hospitali ni hasara. Dada yangu, mimi niliiruka tarehe kama hiyo.

Wangu alitoka wodini na wingi wa damu 7 (gramu za hemoglobini kwa desilita). Wiki nzima akawa anafukuza kuku uani. Muuza duka la dawa akaniambia, "Homa ikishuka malaria imekwisha, mama, mpe siropu ya kuongeza damu." Nikamwamini kwa sababu amevaa koti jeupe. Siku ya 16 namnywesha uji, kiganja chake kimeshika kikombe cheupe, na rangi ni ileile. Anahema mbavu zinaingia ndani. Tulipofika, damu ilikuwa 4.1, na mtoto akishuka chini ya 5 hiyo ni hatari ya kufa. Yule muuzaji sijamsamehe. Usimshauri mzazi jambo usilolijua!

Daktari ndiye aliyenifungua macho. Wadudu wa malaria huingia kwenye chembe nyekundu za damu, huzaliana humo, na kila baada ya saa kama 48 huzipasua. Lakini hata chembe ambazo hazikuingiliwa huharibika, bandama inazimeza, na uroto wa mifupa unachelewa kutengeneza nyingine. Halafu ile sindano ya atesuneti, dawa ya malaria kali, iliyomwokoa mwanangu, humuua mdudu ndani ya chembe. Bandama humtoa mdudu aliyekufa na kuirudisha chembe kwenye damu ikiwa imedhoofika. Kwa baadhi ya watoto chembe hizo hupasuka kati ya wiki ya kwanza na ya nne, homa haipo, mzazi umeshatulia. Siropu haizuii hilo.

Na kinga yake nayo imechoka. Askari wa mwili wakishameza mabaki ya wadudu hulegea, bakteria wa tumboni kama salmonela wakapenya hadi kwenye damu. Kwa hiyo homa ikirudi usikimbilie kununua dawa mseto ya malaria, apimwe.

Kama nauli ya hospitali haipo, nenda kituo cha afya cha karibu na karatasi yake ya kuruhusiwa, waombe wampime wingi wa damu. Viganja vikipauka, akihema haraka au mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, usisubiri tarehe, nenda usiku huohuo.

Tarehe yenu ni lini? Andika hapa.